Walitoka kwa mzee aliyenilea, na sasa ushirika wetu wa wachungaji unapasuka

Mama Mshauri, Bwana asifiwe.

Mimi ni mchungaji wa kanisa dogo la kiinjili hapa Kisumu, mtaa wa Nyalenda, upande wa chini unaoelekea Dunga. Nina umri wa miaka 41, nimeoa, na Mungu ametujalia watoto watatu. Kanisa letu ni la mabati, kiwanja tunakodi, na kabla ya haya ninayokuandikia tulikuwa washirika wapatao 90, ukiwahesabu na vijana ambao huja mwezi huu na kukosa mwezi ujao.

Mwaka wa 2024, mvua ya masika ilipozidi na ziwa likapanda, maji yaliingia katika nyumba nyingi za upande wetu. Watu walihama usiku na magodoro kichwani. Makanisa saba yaliyo mahali palipoinuka yalifungua milango, na kwa muda wa wiki tano tulipika pamoja bila kuuliza ni nani hubatiza kwa maji mengi na ni nani kwa maji machache. Mimi nilikuwa na kuni, mwenzangu alikuwa na maharagwe, na mwingine alikuwa na mshirika mwenye lori. Maji yalipoondoka tuliona ni aibu kila mtu kurudi nyuma ya ua wake, tukaunda ushirika wa wachungaji. Leo tuko makanisa tisa. Tunakutana kila Jumatatu asubuhi, kila kanisa hutoa shilingi 500 kwa mwezi, Jumapili ya tano tunabadilishana mimbari, na tuliandika katika daftari kwamba hakuna atakayempokea mshirika wa kanisa jingine bila barua kutoka kwa mchungaji wake. Mimi ndiye katibu, na sentensi hiyo niliiandika kwa mkono wangu.

Mwezi wa Februari mwaka huu zilikuja kwangu familia tano, watu wazima 13 pamoja na watoto wao. Walitoka katika kanisa la mchungaji ambaye nitamwita Mzee tu. Huyu Mzee ndiye aliyenipa kipaza sauti changu cha kwanza nilipomaliza chuo cha Biblia, na ndiye aliyesimama mahali pa baba yangu siku ya harusi yangu, kwa kuwa baba alikuwa amefariki. Miongoni mwa waliokuja yumo mwalimu wa kwaya na aliyekuwa mweka hazina. Wanasema kwamba hesabu ya fedha za ujenzi haijasomwa kwa miaka miwili, na kwamba anayeuliza huitwa mwasi. Niliwaomba barua. Wakanijibu kwamba walikwisha kuiomba, na Mzee akawauliza, "Barua ya kwenda wapi?" Basi nikawaacha wakae. Nilijiambia moyoni kwamba kondoo hujua penye malisho.

Ndani ya miezi mitatu mwalimu wa kwaya alikuwa akiongoza nyimbo, na mweka hazina akawa anasaidia kuhesabu sadaka. Walikuja pia na kinanda, ambacho wanasema ni cha kwaya. Sitakuficha, Mama: tulikuwa na deni la kodi ya miezi minne, na zaka zao zimelimaliza.

Tangu Aprili Mzee haji Jumatatu. Makanisa mawili yamemfuata. Tulikuwa tumepanga mkutano mkubwa wa injili mwezi wa Agosti, tumekwisha kulipa shilingi 60,000 za kushika hema na vyombo vya sauti, na Mzee ndiye aliyekuwa ahubiri siku ya mwisho. Wenzangu waliobaki wananitazama katika kikao lakini hakuna anayelisema jambo lenyewe. Askofu wa dhehebu letu, aliye Nairobi, alinipigia simu akaniambia nisithubutu kuwarudisha, kwa sababu hayo ni matunda ya maombi. Nyumbani pia hakuna amani. Mke wangu na mke wa Mzee huuza nguo za watoto kwenye meza moja sokoni Kibuye, nao siku hizi wanazungumza habari za wateja peke yake.

Niwarudishe watu hawa? Nijiuzulu ukatibu? Au tukubali kwamba umoja wetu ulikuwa wa mafuriko tu, na maji yakiisha nao huisha?

Mchungaji aliye njia panda, Kisumu

* * *

Mchungaji wangu, asifiwe Bwana, na asante kwa kuandika hata yale ambayo ungeweza kuyaficha.

Nikikusikia vyema, mlijenga jambo jema wakati wa shida, mkaliwekea kanuni, na ilipofika siku ya kanuni hiyo kujaribiwa, imejaribiwa kwako wewe uliyeiandika, mbele ya mtu ambaye hukutaka kumkosea kuliko wote. Upande mmoja ziko familia tano zilizokukimbilia. Upande mwingine yuko mzee aliyekulea. Na pembeni wako wachungaji wanaosubiri kuona kama daftari lile lina uzito wowote. Huo ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja, nami sishangai kwamba unafikiria kuutua wote kwa mara moja.

Naomba nianzie mahali ulipopita haraka. Umetaja kinanda kwa sentensi moja tu, ukaendelea na safari. Mimi sikuweza kuendelea. Kilinunuliwa na nani? Je, wanakwaya walichanga kutoka mifukoni mwao, au bahasha zilipitishwa Jumapili, mama wa omena akatoa shilingi 50 na kijana wa bodaboda akatoa 100, wakijua kwamba wanalinunulia kanisa lao? Makanisa ya Nyalenda yamekaribiana. Kinanda hicho kikilia kwako Jumapili asubuhi, nadhani sauti yake huwafikia hao waliochanga, wakiwa katika ibada yao wanapiga makofi bila ala. Watu 13 wana miguu na nia zao. Kinanda hakikutembea chenyewe. Inawezekana, basi, kwamba swali la watu na swali la kinanda ni maswali mawili, na kwamba umekwama kwa sababu umeyafunga pamoja. Kukirudisha, kama itaonekana si chenu, hakutakuwa kukiri kwamba ulifanya kosa kuwapokea wenyewe. Hata hivyo, jambo hilo lina hatari yake: mwalimu wa kwaya anaweza kuhisi kwamba umemwita mwizi mbele ya mtaa, naye alikuja kwako akitafuta mahali pa kupumua. Ndiyo maana ningependa aulizwe kwanza, faraghani na kwa upole, kabla ya mtu mwingine yeyote kuambiwa lolote.

Ulisema kondoo hujua penye malisho. Ni neno zuri, na mara nyingi ni la kweli. Lakini nikuulize jambo ambalo nadhani wewe mwenyewe umekwisha kujiuliza usiku: kama usingekuwa na deni la kodi, ungewapa huduma ndani ya miezi mitatu? Siulizi ili nikuhukumu. Kodi ya miezi minne huweza kumfanya mtu yeyote aone jibu la maombi katika kila anayebisha hodi. Nauliza kwa sababu Mzee naye anajua hali ya kanisa lako, na huenda kinachomuuma si kwamba washirika wake wameketi kwenye viti vyako, bali kwamba waliinuliwa haraka mno, kana kwamba miaka yote waliyolelewa kwake haikuhitaji hata kuulizwa.

Sasa nitageuka upande wa pili, maana sitaki usome barua hii ukidhani nimeketi na Mzee. Hebu itazame tena ile sentensi uliyoiandika katika daftari. Inasema kwamba mshirika hapokewi bila barua ya mchungaji wake. Katika siku za kawaida ni kanuni ya adabu, na inazuia mchezo tunaoujua sote wa mtu kukemewa hapa leo na kesho akawa mzee wa kanisa kule. Lakini je, mlipoiandika mlifikiria mshirika ambaye jambo linalomfukuza ni mchungaji mwenyewe? Huyo ataipata wapi barua? Kama madai ya familia hizi kuhusu hesabu za ujenzi yana msingi, kanuni yenu imempa Mzee ufunguo wa mlango ambao wao wanataka kuutumia. Wachungaji tisa waliketi na kulinda wachungaji. Si kwa ubaya, ninaamini. Walikuwa ndio peke yao chumbani.

Jambo hili linanigusa sana tangu mwaka wa 2023, nchi yetu ilipofukua miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja kule Shakahola. Simlinganishi Mzee wala mtu yeyote wa mtaani kwenu na mambo yale. Ninachosema ni kwamba tulijifunza kwa machozi hatari ya mhubiri asiye na mwenzake wa kumuuliza swali. Kwangu mimi, kuulizana ndiyo kazi kubwa ya ushirika wa wachungaji, kubwa kuliko hata hema la Agosti. Ikiwa katika Jumatatu zote hizo hakuna hata moja ambayo mtu angeweza kumwambia Mzee kwa heshima, "Baba, hesabu zisomwe ili watu wapoe," au kukuambia wewe, "Ndugu, umewapa huduma mapema," basi mlikuwa mnakutana, na hilo ni jema, lakini bado hamjaanza kubebana. Ukimya unaouona sasa katika kikao huenda haukuletwa na familia hizi. Huenda ulikuwapo tangu mwanzo, nazo zimeufichua tu.

Huko tumewahi kufika. Ulipo Kisumu, wamishonari wa kwanza walijaribu kuzuia vita vya namna hii kwa kugawana nchi: Maquaker walikuwa Kaimosi tangu 1902, Waanglikana wakawa Maseno tangu 1906, wengine wakashika Kima. Mwaka wa 1913 viongozi wa misheni kadhaa walikutana Kikuyu kutafuta namna ya kushirikiana, na mmoja wa vinara wao alikuwa Willis, aliyekuwa ameanza kazi ya Maseno kabla ya kufanywa askofu wa Uganda. Walielewana juu ya mengi ya kazi. Kisha wakamaliza mkutano kwa kushiriki meza ya Bwana pamoja, na hapo askofu Mwanglikana wa Zanzibar, Frank Weston, akawashtaki maaskofu wenzake kwa uzushi, kwa kuwa meza hiyo waliishiriki na wasio Waanglikana. Kugawana mipaka nako hakukufua dafu kwa muda mrefu, kwa sababu reli ilikuwa imefika Kisumu tangu mwishoni mwa 1901, na mtu wa Kaimosi aliyekuja mjini kutafuta kazi alijikuta jirani wa mtu wa Maseno. Leo ploti moja ya Nyalenda yenye vyumba kumi ina watu wa makanisa sita. Hakuna mpaka wa kuchora hapo. Ndiyo maana nasema kanuni yenu ya barua imebebeshwa kazi ambayo zamani ilifanywa na mito na vilima, na si ajabu kwamba imeelemewa.

Nina kumbukumbu yangu binafsi pia. Mama yangu aliokoka katika Uamsho, ule uliotoka Rwanda na Uganda na kuingia Kenya mwaka wa 1937, na nyumba yetu ilijaa wandugu wa madhehebu mbalimbali waliokuja kwa miguu. Walikuwa na neno lao: kutembea nuruni. Mtu akiwa na jambo na mwenzake hakulipeleka kikaoni; alivaa viatu akaenda. Nilimwona mama akiketi chini ya mwembe na mwanamke aliyemkosea, kuanzia asubuhi hadi ng'ombe waliporudi, na hatukuambiwa walichosema. Lakini nisikupambie historia. Katika Nyanza hiyohiyo, mwishoni mwa miaka ya 1950, ndugu wa Uamsho waligawanyika vikali, na upande mmoja ukatoka kwa Waanglikana na kuunda kanisa lake. Waliitwa Johera, watu wa upendo. Waliopendana sana wana uwezo wa kuumizana sana, na wewe na Mzee ni watu wa namna hiyo.

Tuyatazame basi maswali yako. Kuwarudisha: sijui kama mtu anaweza kumrudisha mtu mzima kanisani kama anavyorudisha mbuzi aliyevuka ua. Ukiwaambia waondoke, huenda wasirudi kwa Mzee. Wataenda kanisa la tatu, au watabaki nyumbani, na watoto wao watakuwa wamejifunza kwamba walijadiliwa kama mali. Lakini kuna njia iliyo kati ya kuwafukuza na kuwakumbatia, ambayo makanisa mengi huitumia: wakae, walishwe Neno, waombewe, ila wapumzike katika huduma kwa muda unaojulikana, mpaka mazungumzo na kanisa walikotoka yafikie mahali fulani. Uzito wake unauona mwenyewe. Wanaweza kuudhika, na zaka zao zikaudhika pamoja nao, na mwenye kiwanja hatasubiri. Ukichagua njia hiyo, chagua ukiwa umeketi na wazee wako wa kanisa mkaitazama kodi kwa macho makavu, wala usiichague kwa ushujaa wa siku moja.

Kujiuzulu ukatibu kunaweza kuwa unyenyekevu, na kunaweza kuwa kutoroka. Wewe ndiye utakayejua tofauti. Labda kuna hatua ndogo zaidi: kumwomba mwenzako aongoze na kuandika kumbukumbu kila jambo hili linapojadiliwa, ili usiwe mshtakiwa na mwandishi wa kesi kwa wakati mmoja. Kuhusu zile shilingi 60,000, hakikisha tu kwamba risiti na rekodi za michango ziko mahali ambapo wote tisa, pamoja na wale watatu wasiokuja, wanaweza kuziona. Baada ya yale wanayosema kuhusu hesabu za ujenzi, ninyi hasa hamwezi kuwa na hesabu zenye giza.

Askofu wako namheshimu, naye ana mzigo wa makanisa mengi. Lakini je, alipokupigia simu alijua kwamba mlikuwa na kanuni iliyoandikwa, na kwamba mkono ulioiandika ni wako? Alijua Mzee ni nani katika maisha yako? Huenda angesema vilevile. Huenda pia angekuuliza swali jingine. Inafaa asikie habari yote kabla hujalihesabu neno lake kuwa la mwisho.

Linalobaki ni lile unaloliogopa zaidi, nalo ni kwenda kwa Mzee. Nimeona kwamba katika barua yako yote, tangu Februari, hakuna mahali ulipoandika, "Nilikwenda kwake." Ulisikia kwa familia kile alichosema kuhusu barua, hukukisikia kinywani mwake. "Barua ya kwenda wapi?" laweza kuwa neno la dharau. Laweza pia kuwa swali la mtu aliyeshtuka, anayeona nyumba yake ikihama na bado hajaambiwa inahamia kwa nani, mpaka akagundua ni kwa mwanawe. Ukienda, anaweza kukufokea. Anaweza kukataa kukuona. Anaweza pia kukusimulia habari za hesabu zile kwa namna ambayo hukuitarajia, na ukatoka hapo na mzigo mzito kuliko ulioingia nao, kwa sababu utakuwa umesikia pande mbili na huwezi tena kupumzika katika upande mmoja. Wengine wangekushauri uende na mashahidi wawili. Mimi naona mtoto huenda kwanza peke yake, lakini wewe unamjua Mzee, mimi simjui.

Na mkutano wa Agosti? Pengine utafanyika, pengine utasogezwa, pengine makanisa sita yatasimama na matatu yatakosa, na watu wa mtaa watahesabu viti. Lakini umoja wenu haukuanzia jukwaani, ulianzia kwenye sufuria. Ziwa lilipanda mwaka wa 2020, likapanda tena 2024, na hakuna mkazi wa Dunga anayedhani limemaliza. Hata kama hema halitasimama, ningependa kujua zile sufuria ziko wapi, nani anazitunza, na kama yule mwenye lori bado anaweza kupigiwa simu na mchungaji yeyote kati ya tisa. Ulipouliza kama umoja wenu ulikuwa wa mafuriko tu, uliuliza kana kwamba hilo ni jambo dogo. Mimi silioni dogo hata kidogo.

Neno moja kuhusu nyumbani. Umetuambia askofu amesema nini, familia zimesema nini, wenzako wamenyamaza vipi. Hukutuambia mke wako anaonaje. Yeye na mama yule wameketi meza moja miezi hii yote, na hawajagawana meza wala kuhamisha nguo, ingawa kila mmoja angeweza kufanya hivyo siku yoyote. Kabla hujavaa viatu kwenda kwa Mzee, keti na mke wako jioni moja watoto wakishalala, umuulize nini kinachomfanya aendelee kwenda Kibuye kila asubuhi, na kinanda kile kilinunuliwa vipi. Nadhani anajua.